Jiwe la Bismarck na Swali la "Sisi ni Nani?"
Somo kuhusu namna mataifa yalivyojengwa Ulaya na kwetu

Utangulizi



Ndugu msomaji, ukitoka Kirumba kwenda mjini kati, kisha ukafuata ukingo wa ziwa karibu na kivuko cha Kamanga, utaliona jiwe kubwa limesimama majini juu ya mawe mengine. Wageni hulipiga picha, na wenyeji wamelizoea kama alama ya jiji la Mwanza. Jina lake ni Jiwe la Bismarck. Lakini Bismarck alikuwa nani, na jina lake lilifikaje kwenye mawe ya Ziwa Viktoria?

Swali hilo linatuingiza katika somo la leo. Otto von Bismarck ndiye aliyeunganisha Ujerumani kuwa dola moja mwaka 1871. Ni yeye pia aliyeitisha na kusimamia Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, mkutano uliohusu Afrika na ambao hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Kwa hiyo jina moja linabeba historia mbili: jinsi mataifa ya Ulaya yalivyojengwa, na jinsi mipaka tunayoishi ndani yake ilivyoanza.

Nia ya somo ni kuonyesha jambo moja: taifa halikuumbwa pamoja na milima na maziwa. Taifa hujengwa na watu. Kwa kuwa limejengwa na watu, linahitaji kutunzwa kama kazi nyingine njema ya mikono yao, lakini halistahili kuabudiwa.

1. Maneno matatu tusiyachanganye

Katika mazungumzo ya kawaida tunatumia maneno nchi, dola na taifa kana kwamba ni kitu kimoja. Tuyatofautishe.

Nchi ni ardhi yenye mipaka yake. Dola ni mamlaka inayotawala ardhi hiyo: sheria, kodi, mahakama, polisi na jeshi. Taifa ni watu wanaojiona kuwa "sisi", hata kama hawajuani. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba huenda asikutane maisha yake yote na mkulima wa Njombe au mvuvi wa Kilwa. Hata hivyo, akisikia kwamba huko kumetokea mafuriko, atasema, "Wenzetu wamepata msiba." Neno hilo "wenzetu" ndilo taifa.

Mwanazuoni Benedict Anderson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1983, alieleza taifa kuwa jumuiya inayoishi katika fikra za watu: wengi wao hawataonana kamwe, lakini kila mmoja amebeba moyoni picha ya ushirika wao. Hakusema kwamba taifa ni uongo. Sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kushangaa, kwa maana kila Jumapili tunakiri ushirika na watu ambao hatujawahi kuwaona.

Mambo hayo matatu si lazima yakutane. Kuanzia mwaka 1795 hadi 1918 Wapoland walikuwa taifa lisilo na dola lake, kwa sababu nchi yao iligawanywa na majirani watatu wenye nguvu. Himaya ya Austria na Hungaria, kwa upande wake, ilikuwa dola moja lenye mataifa mengi ndani yake. Wazo kwamba kila taifa liwe na dola lake, na kila dola liwe na taifa moja, ni wazo jipya katika historia.

2. Ulaya: kutoka watu wa mfalme hadi wananchi

Mkulima wa Ulaya wa karne ya 15, kama ungemuuliza yeye ni nani, angekujibu kwamba ni Mkristo, mtu wa kijiji fulani, aliye chini ya bwana fulani. Hakujiita Mfaransa au Mjerumani kwa maana ya leo. Wafalme walipata ardhi kwa vita, kwa urithi na hata kwa ndoa, na watu walihamishwa pamoja na ardhi kutoka kwa mtawala mmoja kwenda kwa mwingine bila kuulizwa.

Mgawanyiko wa Wakristo katika karne ya 16 ulibadili mambo. Mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555 yalimpa kila mtawala wa nchi za Kijerumani haki ya kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri kwa ajili ya eneo lake. Hata hivyo Vita vya Miaka Thelathini vikaja, kuanzia 1618 hadi 1648. Mapatano ya Westphalia ya mwaka 1648 yaliyovimaliza yalitia nguvu kanuni kwamba kila mtawala ana kauli ya mwisho ndani ya mipaka yake. Hapo dola la kisasa lilianza kuonekana, ila taifa lilikuwa bado.

Taifa liliingia kwa kishindo mwaka 1789, katika Mapinduzi ya Ufaransa. Tangu hapo ilidaiwa kwamba mamlaka hayatoki kwa mfalme bali kwa wananchi wenyewe. Miaka minne baadaye vijana wa nchi nzima waliitwa jeshini kulitetea taifa. Lakini wengi wa wananchi hao hawakuelewana kwa lugha. Hata katika miaka ya 1860 vijiji vingi vya Ufaransa havikuzungumza Kifaransa. Vilizungumza Kibretoni, Kibaski, Kioksitani na lugha nyingine. Sheria za mwaka 1881 na 1882 zilifanya shule ya msingi kuwa ya bure, ya lazima na isiyo ya dini. Mtoto aliyekamatwa akizungumza lugha ya nyumbani aliweza kuadhibiwa kwa kuvishwa kitu cha aibu. Adhabu ya namna hiyo wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaijua.

Italia nayo iliunganishwa kuwa ufalme mwaka 1861, wakati Kiitaliano sanifu kilizungumzwa na watu wachache tu. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya ufalme huo yaliingia Roma na kuiondoa katika utawala wa Papa. Mkatoliki wa Italia akajikuta katika njia panda: awe mwana mwema wa Kanisa, au raia mwema wa taifa jipya? Jeraha hilo lilifungwa rasmi mwaka 1929 tu, kwa Mapatano ya Laterano.

Tunaona basi vifaa vilivyotumika kujenga mataifa hayo: shule, lugha moja, jeshi, ramani, magazeti, historia inayofundishwa darasani na, mara nyingi, adui. Mwanazuoni Mfaransa Ernest Renan, katika mhadhara wa mwaka 1882, aliongeza viwili visivyoonekana kwa macho. Alieleza kwamba taifa huishi kwa kukumbuka pamoja na pia kwa kusahau pamoja, na kwamba linasimama kwa sababu watu wake wanaendelea kukubali, siku baada ya siku, kuishi pamoja.

3. Bismarck na lugha ya katekisimu

Wajerumani walikuwa na lugha moja ya maandishi kabla ya kuwa na dola moja. Walitawanyika katika falme na miji mingi. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, aliwaunganisha kwa vita vitatu: dhidi ya Denmark mwaka 1864, dhidi ya Austria mwaka 1866, na dhidi ya Ufaransa mwaka 1870 hadi 1871.

Dola lilipopatikana, likaja swali gumu: nani ni Mjerumani wa kweli? Bismarck aliwatilia shaka Wakatoliki kwa sababu walimsikiliza Papa, na Wapoland waliokuwa ndani ya mipaka yake kwa sababu walikuwa na lugha yao. Wajesuiti walifukuzwa mwaka 1872. Sheria za mwaka 1873 ziliiingiza serikali katika malezi ya mapadre na katika uteuzi wao. Maaskofu kadhaa walifungwa.

Mmoja wao ni Mieczysław Ledóchowski, Askofu Mkuu wa Gniezno na Poznań. Serikali iliamuru watoto wa Kipoland wafundishwe dini kwa Kijerumani, naye akapinga. Kwake mtoto alikuwa na haki ya kumjua Mungu kwa lugha ya mama yake. Alikamatwa mwaka 1874, na Papa Pio IX alimfanya kardinali mwaka uliofuata, akiwa bado gerezani. Baadaye, kuanzia 1892 hadi 1902, Kardinali huyo aliongoza Idara ya Uenezaji wa Imani kule Roma, ofisi iliyosimamia kazi ya kimisionari duniani, pamoja na misheni za huku kwetu ziwani. Mfungwa wa Bismarck alifikia kuwa na dhamana juu ya Kanisa changa katika nchi ambayo dola la Bismarck lilikuwa limeitwaa.

4. Mstari juu ya maji

Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, walifika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Hawakukuta Tanganyika wala Tanzania. Walikuta tawala nyingi ndogo, kila moja na ntemi wake. Hata jina "Wasukuma" lilikuwa zaidi ya upande kuliko la taifa: sukuma ni kaskazini, na Wanyamwezi waliwaita hivyo watu waliokaa kaskazini mwao. Mtu alijitambulisha kwa ntemi wake na ukoo wake. Baraza moja la watemi wa Usukuma wote, lenye makao yake Malya, lilipatikana baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya Waingereza. Kwa hiyo hata kabila, ambalo tunadhani ni la tangu na tangu, lina historia ya kujengwa.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana mstari kutoka pwani hadi ukingo wa mashariki wa ziwa, ukipinda kuuzunguka Kilimanjaro. Tarehe 1 Julai 1890 waliuendeleza mstari huo juu ya maji, wakifuata nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Samaki hawakuuona, na wavuvi hawakuulizwa. Wakurya na Wajaluo walijikuta pande zote mbili za mpaka.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikabidhiwa sehemu kubwa ya koloni hilo na mwaka 1920 wakaliita Tanganyika. Hakuna babu aliyejiita Mtanganyika kabla ya hapo. Ufaransa ilikuwa na dola kwanza, likaumba taifa. Wajerumani walikuwa na lugha kwanza, wakapata dola. Sisi tulipewa mstari kwanza, na ndani ya mstari huo tukalazimika kutafutana.

5. Tulivyotafutana

Tulitafutana kwa njia gani? Ya kwanza ni lugha. Kiswahili kilitoka pwani na kusambaa kwa misafara ya biashara, kisha kwa utawala wa Wajerumani uliokitumia ofisini na shuleni. Mwaka 1930 Waingereza waliunda kamati ya kukisanifisha kwa msingi wa Kiunguja. Kanisa nalo lilichangia. Gazeti Kiongozi lilianza kutoka Tabora mwaka 1950. Hivyo lugha iliyokuzwa kwa sehemu ili kurahisisha kututawala ikawa lugha ya kudai uhuru. Tena haikuwa lugha ya mama ya kabila lolote kubwa, kwa hiyo wengi hawakuiona kama ushindi wa jirani.

Njia ya pili, hasa kwetu Kanda ya Ziwa, ni pamba. Wakulima walilalamikia mizani ya wanunuzi, wakaanza kujipanga. Chini ya uongozi wa Paul Bomani vyama vyao vya ushirika viliungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria. Katika vyama vya msingi mkulima wa Kwimba na wa Geita waligundua kwamba wana shida moja. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, lakini kwa miaka kadhaa serikali ya kikoloni iliizuia kufanya kazi Usukumani. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya lililopangwa kwa rangi za watu. Mwaka huohuo zuio la TANU likaondolewa.

Njia ya tatu ni uamuzi. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kwa ukali. Alionya kwamba anayeanza kuwabagua watu kwa rangi hatakosa sababu nyingine ya kubagua, na serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Hoja ya wabunge hao ilishindwa. Hapo ndipo "sisi" ya Tanganyika ilipopata maana yake: si damu, bali uraia.

Baadaye ujenzi ulienda haraka. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Muungano na Zanzibar ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likapatikana Oktoba mwaka huohuo. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mtoto wa Mwanza alifundishwa kwamba Majimaji ni vita vya babu zetu, ingawa vilipiganwa kusini, mbali na ziwa. Hata wimbo wa taifa ulitokana na utenzi wa kanisa uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini. Hatuna sababu ya kuona aibu. Nyumba nzuri hujengwa pia kwa mawe yaliyotoka kwa jirani.

6. Gharama zake

Ukweli unatutaka tutaje pia gharama. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, na wengine walilazimishwa. Haya ni kati ya mambo ambayo taifa huelekea kuyasahau pamoja.

Mstari wa mwaka 1890 nao ulidai damu. Mto Kagera kwa sehemu unapita kusini mwa mstari ule, hivyo kipande cha Tanzania kinabaki ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Mwaka 1978 Idi Amin alikivamia na kutangaza kuwa ni chake. Vita vikafuata, na vijana wa nchi nzima wakapigania mpaka ambao babu zao hawakuuchora.

Onyo kubwa zaidi lilikuja na maji ya mto huohuo. Mwaka 1994 miili ya waliouawa Rwanda ilielea katika Kagera hadi Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Tufikiri vizuri hapa. Wanyarwanda walikuwa na lugha moja. Wengi wao walikuwa Wakatoliki. Lakini kuanzia miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaandika katika vitambulisho kuwa Wahutu, Watutsi au Watwa, na wanasiasa waliofuata wakayageuza maandishi hayo kuwa hukumu. Watu walikimbilia makanisani, kama kule parokia ya Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, wakauawa humohumo. Kumbe lugha moja haitoshi kuwaokoa watu, na cheti cha ubatizo hakitoshi, kama moyo umekubali kwamba fulani si mwenzetu.

Pia tukumbuke jema. Mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa watu wapatao 162,000 waliokuwa wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, pamoja na watoto wao waliozaliwa hapa. Duara la "sisi" linaweza kusinyaa, na linaweza pia kupanuka.

7. Mkristo na taifa lake

Kanisa linafundisha nini? Kwanza, kuipenda nchi yako ni wajibu, na ni sehemu ya upendo. Nabii Yeremia aliwaagiza waliohamishwa Babeli wautafutie amani mji walimokaa na kuuombea (Yer 29:7). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 75, unawataka raia wawe na uzalendo mkarimu na mwaminifu usio na fikra finyu, wenye kujali familia nzima ya wanadamu.

Pili, taifa si Mungu. Papa Pio XI aliandika waraka kwa Kijerumani mwaka 1937, ukasomwa makanisani Ujerumani Jumapili ya Matawi, akikemea wanaoinua kabila, watu au dola kuwa kipimo cha juu cha mambo yote. Ujerumani ya Bismarck, iliyowatilia shaka Wakatoliki na Wapoland, ilikuwa imefika kwenye ibada ya damu.

Tatu, siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuzifuta lugha; kila mtu alisikia kwa lugha yake (Mdo 2). Umoja wa Kikristo haudai kila mtu afanane na mwenzake. Kule Bujora, Padre David Clement alijenga kanisa na makumbusho yenye sura ya Kisukuma, na ngoma za Bagika na Bagalu zikapata nafasi katika sherehe za Ekaristi. Hakuna aliyepungukiwa Utanzania kwa sababu hiyo.

Kwa mseminari, hili si jambo la vitabuni. Kesho atapelekwa parokia ambayo si ya kabila lake. Atasikia maneno "wenyeji" na "wakuja" katika halmashauri ya walei. Atakutana na mama aliyezaliwa na kuzeeka karibu na mpaka, ambaye bado anaulizwa uraia wake kwa sababu ya lafudhi au umbo la uso. Atasikia minong'ono askofu akiteuliwa kutoka mkoa mwingine. Katika kila tukio atalazimika kuamua "sisi" inaishia wapi. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zimetuonyesha njia, kwa kuwa zinaundwa kwa ujirani: anayekaa mtaa huu ni wa jumuiya hii, awe Mkerewe, Mhaya, Mkurya au mgeni aliyeshuka jana kwenye meli.

Hitimisho

Taifa letu ni zawadi iliyopitia mikono ya watu wengi: wakulima wa pamba, walimu, makatekista, wanasiasa, na hata maadui waliochora mistari bila kutujua. Halina miaka mingi, na kilichojengwa kwa muda mfupi kinaweza kubomolewa kwa muda mfupi zaidi. Tulitunze kwa kusema kweli juu ya historia yake, kwa kumpokea aliye mpakani, na kwa kukumbuka kwamba wenyeji wetu wa kudumu uko mbinguni (Flp 3:20). Anayeutazamia mji ule atakaa vizuri zaidi katika huu wa sasa.

Maswali ya kutafakari na kujadili katika jumuiya

1. Katika parokia yetu, nani anaitwa "wa kuja"? Amekaa miaka mingapi?
2. Ni mambo gani ya historia ya nchi yetu tunayakumbuka pamoja, na yapi tumeyasahau pamoja?
3. Lugha za makabila yetu zina nafasi gani katika sala na nyimbo zetu? Zinatuunganisha au zinatutenga?
4. Kama Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa na lugha moja na Wakatoliki wengi, sisi tunategemea nini ili yasitukute yale?